Kuponya tatuu mpya kwenye joto la Dar: shajara ya mkono wangu wa kushoto

Tatuu mbichi ni kidonda. Sindano hupita tabaka la juu la ngozi na kuacha wino milimita moja hadi mbili chini ya uso wa ngozi, na kuanzia hapo kazi yote ni kutunza kidonda. Maelekezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuchorwa yaliandikwa kwa ajili ya watu weupe wanaoishi kwenye baridi. Yanasema uangalie wekundu, upake mafuta mazito ngozi isikauke, uvae fulana ya mikono mirefu. Ngozi yangu ni nyeusi na haionyeshi wekundu. Naishi Dar es Salaam, ambako Februari jasho linatoka hata ukiwa umekaa. Halafu mimi ni fundi cherehani, kutwa nzima mkono wangu uko juu ya vitambaa. Nimeandika kila hatua ili mwenzangu mwenye ngozi na hali ya hewa kama yangu apate pa kuanzia.

8 Februari 2025: maandalizi

Mchoro ni mistari ya pembe iliyopangana, ya mtindo wa ile iliyoko mashavuni mwa bibi yangu, Mmakonde wa Newala. Utakaa upande wa nje wa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, urefu sentimita 14 na upana 6. Nimechagua wino mweusi mtupu. Rangi ya ngozi yetu iko kwenye tabaka la juu, wino unakaa chini yake, kwa hiyo rangi hafifu unaiona kama kupitia pazia. Tena wino mwekundu ndio unaoongoza kwa kuleta mzio. Mistari nimeomba iwe minene na iachane vya kutosha, maana baada ya miaka wino hutanuka kidogo na mistari iliyobanana huungana.

Kabla ya kulipa chochote nilikagua makovu yangu. Kovu la chanjo ya BCG begani limelala bapa, matundu ya masikio yalipona bila uvimbe. Ikiwa lako la BCG limekua likavuka mipaka yake, au sikio lilitoa kinundu baada ya kutogwa, hilo ni keloidi, na ngozi inayotengeneza keloidi inaweza kufanya hivyohivyo juu ya tatuu. Sisi watu weusi tunapatwa nalo zaidi. Mtu wa namna hiyo namsihi amwone daktari wa ngozi kabla hajamwona mchoraji. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nilikwisha kamilisha dozi zote tatu, na ya pepopunda ninayo.

Msimu si mzuri, najua. Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, ndio muda unaofaa kwa pwani hii. Lakini kazi za Idi zitaanza kumiminika Machi na sitapata nafasi ya kupumzisha mkono.

Kwa kuwa sitaweza kutegemea wekundu, nimeamua kutumia tepu yangu ya kupimia nguo. Nimepima sentimita 10 kutoka mfupa wa kiwiko, nikaweka alama ndogo ya kalamu upande wa ndani ambako hakutachorwa, na mzingo pale ni sentimita 24.5. Nitapima hapohapo kila asubuhi kabla ya kazi. Pia nitagusa kwa mgongo wa kiganja na kulinganisha joto na mkono wa pili, kisha nipige picha dirishani saa mbili asubuhi, mwanga uleule.

Vitu nilivyonunua: sabuni ya maji ya watoto isiyo na manukato, shilingi 5,500, krimu yenye panthenoli, kilainishi cha ngozi, 22,000, mafuta ya mgando, 2,500, tishu za jikoni, 4,000, vipande viwili vya plasta angavu, ile ya plastiki nyembamba inayogandishwa juu ya tatuu, 18,000. Maji ya bombani kwetu yanatoka kisimani na yana chumvi, hayaaminiki kwa kidonda, kwa hiyo nitaosha kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa kwenye chupa yenye mfuniko.

15 Februari: kuchorwa

Shilingi 220,000. Mchoraji alifungua sindano mbele yangu kwenye pakiti yake, akavaa glavu mpya, akamimina wino kwenye vikombe vidogo vya kutupwa. Yasipofanyika haya matatu, ondoka. Hakuna utunzaji wa nyumbani utakaofuta virusi vya homa ya ini vilivyokwisha ingizwa na sindano.

Alipomaliza alisafisha na kubandika plasta angavu. "Dada, kaa nayo siku tatu au nne, usiiguse." Msingi wa ushauri huo ni mzuri. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya kigaga. Nililala nikiwa na imani nayo.

16 Februari: plasta yavuja

Mzingo 26. Kuvimba siku ya kwanza ni kawaida, tatuu nzima ilikuwa ya moto kama ngozi iliyoungua jua.

Chini ya plasta kulikuwa na majimaji meusi. Hayo yenyewe hayatishi, ni majimaji ya kidonda yaliyochanganyika na wino uliozidi. Tatizo lilikuwa jasho. Umeme ulikatika mchana, feni ikasimama, na kufikia alasiri mfuko ule ulikuwa umejaa hadi ukingo wa upande wa kifundo cha mkono ukaachia. Plasta ikishavuja haifuniki tena kidonda, inabaki njia ya uchafu kuingia na kujifungia kwenye unyevu wenye joto. Ni lazima itoke siku hiyohiyo.

Namna ya kuitoa: mkono chini ya maji ya vuguvugu, shika pembe moja, ivute ikiwa imelala sambamba na ngozi ili gundi itanuke na kuachia yenyewe. Ukiivuta kuelekea juu unang'oa ngozi. Niliosha kwa vidole na sabuni, bila kitambaa wala sponji, hadi utelezi ukaisha, nikakausha kwa tishu kwa kugusagusa, nikabandika plasta ya pili.

18 Februari: naachana na plasta

Jana jioni kulitokea vipele vidogo vinavyowasha kuzunguka tatuu, vikifuata umbo la gundi kwa mstari ulionyooka. Umbo hilo ndilo linalokwambia ni mzio wa gundi. Maambukizi hayana kona. Nimeitoa, na kipande kilichobaki sitakitumia. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye kiyoyozi huenda plasta ikafaa vizuri. Kwenye chumba cha bati, Februari, siishauri.

Sasa naosha mara tatu kwa siku: asubuhi, nikitoka kazini, kabla ya kulala. Nikitoka jasho jingi katikati, naongeza.

Mafuta ya mgando nimeyajaribu tangu plasta ilipotoka, kwa sababu ndiyo kila mtu mtaani anayoyataja. Yanafanya kazi yake, ngozi haikauki wala haivuti. Ila kwenye joto hili yanayeyuka, yanashika vumbi, na yanaziba njia ya jasho. Asubuhi ya leo nimeamka na harara juu ya tatuu yenyewe, vipele vidogo vyenye maji. Nimeyaosha yote na kuhamia krimu ya panthenoli. Kipimo nilichofikia ni cha ukubwa wa punje ya dengu kwa tatuu yote ya sentimita 14: unapaka, unasubiri kidogo, unafyonza kinachobaki kwa tishu. Ngozi ikingʼaa kama imepakwa rangi ya mafuta, umezidisha. Harara imeanza kulala saa chache baadaye.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, ameniuliza kwa nini nisipake mafuta ya nazi kama tunavyopaka watoto. Kwa ngozi iliyokwisha funga sina neno nayo. Kwa kidonda kilicho wazi sitaki kitu kilichokamuliwa nyumbani na kukaa kwenye chupa isiyojulikana ilioshwa kwa nini.

Mzingo 25.5, unashuka.

20 Februari: nyuzi, na mkono wa pamba

Hili ndilo lililonichukulia muda, na sikulikuta kwenye maelekezo ya mtu yeyote. Ukikata kitambaa, hasa kitenge kipya na vitambaa vya sufu, hewa inajaa nyuzi ndogondogo. Zinatua kwenye majimaji ya tatuu, zinakauka humo, na kigaga kinaota kikiwa kimezishika. Jana niliosha dakika nyingi nikizitoa moja moja. Kinachofuata kigaga chenye uzi ndani yake ni uzi kunasa mahali, kigaga kung'oka, na wino kuondoka nacho.

Nikaamua kujishonea mkono wa kuvaa, kama mkono wa shati usio na shati. Kitambaa ni pamba tupu nyeupe, nyepesi, mita mbili kwa 10,000. Nyeupe ili nione kila doa la majimaji au usaha na rangi yake. Kwa kujua kama ni pamba kweli, chomoa uzi uuchome: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, polyester inayeyuka na kuwa shanga ngumu. Kitenge na kanga mpya viache, rangi yake inachuja kwenye jasho.

Wa kwanza niliushona wa kubana kidogo, mzingo sentimita 28, lastiki juu na chini. Ulishindwa ndani ya asubuhi moja. Lastiki ya juu iliacha alama na mkono ukavimba chini yake, mshono wa ndani ulipita juu ya tatuu, na kitambaa kilikuwa karibu sana hivyo kikagandiana na majimaji.

Wa pili niliupanua hadi sentimita 36 na kuugeuza mshono ukae nje, upande wa ndani wa mkono. Kugandiana kukapungua. Lakini lastiki, hata ikilegezwa, ilikuwa inateleza kila nikinyoosha mkono mashineni.

Wa tatu ndio ninaouvaa: upana wa kitambaa sentimita 42 kabla ya kushona, urefu 30, mishono yote nje na kukunjwa mara mbili isitoe nyuzi, juu kuna utepe wa kufunga juu ya kiwiko badala ya lastiki, chini uko wazi hewa iingie. Nimeshona mitano. Kila unaovuliwa unachemshwa, unaanikwa ndani, unapigwa pasi ya moto pande zote mbili. Nikiwa nyumbani nisikokata kitambaa sivai kitu, mkono unapata hewa.

Ukigandiana hata hivyo, usivute. Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe, mwagia taratibu juu ya kitambaa na usubiri. Huo ni karibu uchumvi wa mwili wenyewe, hauchomi. Kitambaa kinaachia.

23 Februari: kubanduka na kuwasha

Ngozi imeanza kutoka kwa vipande vyembamba vyeusi, na kwenye maji ya kuoshea naona vipande vya mistari yangu. Mtu asiyejua ataamini tatuu inatoka. Kinachotoka ni tabaka la juu tu, lenye wino ulionasa humo sindano ilipopita. Wino wa kudumu uko chini, ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza chochote kigeni. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa huachia wino na nyingine huumeza palepale. Ndiyo maana mchoro unabaki mahali pake maisha yote huku seli zikipokezana.

Kuwasha ni kukali usiku. Kukuna hapana. Ninachofanya ni kupiga kiganja kilichonawa juu ya kitambaa, au kuweka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Kucha nimekata zote.

Mbu nao wana lao. Dawa ya kupaka ya kuzuia mbu haifai kwenye ngozi iliyo wazi, na mbu akiuma juu ya tatuu unapata sehemu moja inayowasha mara mbili. Nimehamia ndani ya chandarua tangu jioni, na shuka nimebadili, nyeupe ya pamba, inayofuliwa kila baada ya usiku mbili.

Mzingo umerudi 24.5.

25 Februari: tepu yapanda

Asubuhi 25, jioni 25.5. Kwa macho sikuona tofauti, picha ya leo na ya jana zinafanana kabisa. Lakini sehemu ya chini karibu na kifundo ilikuwa ya moto kwa mgongo wa kiganja, na ukibonyeza iliuma tofauti na maumivu ya kawaida, yalikuwa ya ndani zaidi. Kwenye ngozi yetu dalili ya maambukizi ni hizo: joto, uvimbe, maumivu yanayoongezeka siku ambayo yalipaswa kupungua, na wakati mwingine ngozi kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau pale penye tatizo. Wekundu unaweza usiuone hata siku moja.

Nilichukua kalamu ya wino nikachora mpaka wa sehemu yenye joto, nje ya tatuu, na kuandika saa. Saa tatu baadaye joto lilikuwa limevuka mstari kwa upana wa kidole upande mmoja.

Nilipita duka la dawa kwanza. Muuzaji alinipa tubu bila kuangalia mkono vizuri, akasema inatibu kila kitu. Nilisoma pakiti: betamethasoni, dawa ya fangasi, na antibiotiki ndani ya krimu moja. Naomba kila anayesoma hapa azijue krimu hizi, zimejaa kila mtaa. Betamethasoni ni steroidi. Inashusha uvimbe na kuwasha haraka, hivyo unajiona umepona, lakini inapunguza nguvu ya ngozi kujilinda, inachelewesha kidonda kufunga, na ikitumika muda mrefu inaikondesha ngozi na kuifanya iwe na mabaka meupe. Niliirudisha nikaenda kliniki.

Daktari, mama mtulivu, alibonyeza kuzunguka tatuu, akapima joto la mwili, kisha akabonyeza kwapani. Alieleza kwamba tezi za pale ndizo zinazopokea majimaji kutoka mkono mzima, pamoja na sehemu ya wino, na zikivimba na kuuma ujue mwili unapigana. Zangu zilikuwa sawa na sikuwa na homa. Aliona usaha kidogo kwenye mashina ya vinyweleo viwili vitatu. Jibu lake: maambukizi madogo ya vinyweleo, yaliyokamatwa mapema. Alinipa krimu ya fusidiki asidi, ambayo ni antibiotiki, niipake nyembamba mara tatu kwa siku, kwenye eneo lenye tatizo tu. Kumwona 25,000, dawa 12,000.

"Ukiona homa, au mpaka huu umesogea tena kesho, au unahisi kama kamba inayouma inapanda kuelekea kwapani, usisubiri foleni, njoo moja kwa moja." Aliniuliza kuhusu tepu, akaiomba aione ile alama ya kalamu, akasema niendelee nayo.

Chanzo nadhani ni kunyoa. Mkono ulinyolewa kwa wembe kabla ya kuchorwa, vinyweleo vikaanza kurudi wakati uleule ngozi ilipokuwa na jasho chini ya kitambaa. Nimeacha kuvaa mkono wa pamba saa zisizo za kukata, na nimehamisha mashine karibu na mlango.

2 Machi: unatulia

Mpaka wa kalamu haukuvukwa tena. Joto limekwisha, tepu imesoma 24.5 kwa siku mfululizo, dawa nimeitumia hadi mwisho kama nilivyoelekezwa. Vigaga vyote vimetoka isipokuwa viwili vinene pale palipokuwa na usaha. Sivigusi.

15 Machi: ngozi imefunga, ila kijivu

Tatuu inaonekana imefifia, kama imefunikwa vumbi la chaki. Hii ngozi mpya ni changa, bado haijapangika, na inatawanya mwanga. Ngozi ya juu huchukua takriban wiki nne kujibadilisha yote, ya mkono hata zaidi, kwa hiyo mtu asikimbilie kurudi kwa mchoraji kulalamika katika hatua hii. Kuzunguka mistari ngozi yangu imekuwa nyeusi zaidi, alama ya kawaida ya ngozi nyeusi baada ya kuumia, na huondoka yenyewe kwa miezi.

Sasa ndipo jua linapoingia kwenye hesabu. Kabla ya ngozi kufunga, kinga ni kivuli na kitambaa peke yake. Baada ya kufunga, krimu ya kukinga jua. Nimenunua ya kiwango cha 50 kwa 36,000. Ya 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na ya 50 takriban 98, tofauti ni ndogo, muhimu ni kupaka ya kutosha na kurudia. Ya kwanza niliyojaribu dukani, yenye zinki, iliniacha na rangi ya majivu mkononi, nikachagua isiyoacha weupe. Nasikia sana kwamba mtu mweusi haihitaji. Melanini, rangi ya ngozi yetu, inalinda kiasi, ila haizuii jua la utosini la pwani kuongeza weusi kwenye ngozi iliyotoka kuumia, na weusi huo unakaa juu ya wino wako.

Ndugu walipanga kwenda Kigamboni ufukweni na nilibaki kivulini. Kuogelea nimeahirisha hadi ngozi iwe imara kabisa, na sababu si woga wa bure. Mwaka 2017 jarida la BMJ Case Reports lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Meksiko siku tano baada ya kuchorwa tatuu mguuni. Bakteria wa maji ya chumvi yenye joto, Vibrio vulnificus, aliingia kupitia tatuu, na alifariki. Ini lake lilikuwa bovu tayari, na hilo lilimzidishia hatari. Maji yetu yana joto mwaka mzima.

Binamu yangu ameniambia yeye bora achorwe ya piko ufukweni, inatoka yenyewe, haina kidonda. Nimemsihi asifanye. Piko nyingi nyeusi sana zina PPD, kemikali ya rangi za nywele, ambayo ikiwekwa kwenye ngozi yaweza kutoa malengelenge na kuacha kovu, na mwili ukishaikataa mara moja utaikataa maisha yote, hata ukija kupaka nywele rangi. Hina halisi ni ya kahawia inayoelekea rangi ya chungwa, na huchukua saa nyingi kukolea.

6 Aprili: mapengo mawili, na simu ya Newala

Ule ukijivu umeondoka na mistari imekolea. Sasa naona ukweli: kuna mapengo mawili ya upana wa punje ya mchele, palepale vilipokuwa vigaga vinene. Wino haukubaki. Hili linarekebishika.

Nilimtumia shangazi picha amwonyeshe bibi, naye akanipigia akiwa naye. Bibi aliuliza kwanza kama niliumwa homa. Kisha akaeleza ya kwake: walichanjwa kwa chuma chenye ncha, wakapakwa masizi ya mbegu za mbarika ndani ya chale, na haikuisha kwa siku moja, walirudiwa hadi mistari ikasimama. "Mara ya kwanza ngozi inakunywa tu, mjukuu wangu. Ya pili ndiyo inayoshika." Alinisikiliza kuhusu mapengo na hakushtuka hata kidogo. Alichotaka kujua ni kama nimeacha nafasi sawa kati ya pembe na pembe. Nilimwambia nilipima kwa tepu. Akafurahi, na mimi nikafurahi zaidi yake.

17 Mei: kurudia mapengo

Nimesubiri hadi ngozi ikawa laini kabisa chini ya kidole, bila mng'ao wala ugumu. Kurudia ni bure kwa mchoraji wangu, nimelipa 20,000 ya sindano na vifaa. Safari hii nimeomba asinyoe kwa wembe, apunguze vinyweleo kwa mkasi tu kwa kuwa eneo ni dogo, naye amekubali.

Hakuna plasta. Kuoshwa, krimu ya panthenoli kidogo, mkono wa pamba wa tatu saa za kukata tu. Masika imepoza hewa, na tofauti ni kubwa: hakuna harara, tepu haikupanda hata nusu sentimita, ngozi ilibanduka kwa upole na kufunga bila kigaga kinene. Sina la kuandika zaidi kuhusu hatua hii.

12 Julai: hali na gharama

Mapengo yamejaa. Weusi wa kuzunguka mistari umefifia sana, umebaki kidogo upande wa kifundo palipokuwa na maambukizi. Ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho huhisi mstari wowote.

Utunzaji wote umenigharimu 155,000 juu ya zile 220,000 za kuchorwa, jumla 375,000. Kama ningeanza upya ningetoa plasta na mafuta ya mgando, 20,500, na kuzipeleka kwenye kitambaa cha ziada. Pesa ya daktari nisingeigusa. Anayepanga bajeti ya tatuu aiweke kando tangu siku ya kwanza, hata kama haitatumika.

Kiolezo cha mkono wa pamba nimekikata kwenye karatasi ngumu kwa vipimo vitatu, kwa mikono yenye mzingo wa 22, 25 na 29. Kanuni ni kuongeza sentimita 17 kwenye mzingo wa sehemu nene zaidi, hapo ukingo wa mshono umo. Mchoraji amechukua mikono kumi awape wateja wake wanaofanya kazi kwenye vumbi, akiwemo kijana wa karakana ya useremala atakayechorwa wiki ijayo. Nimemwomba huyo kijana apime mzingo wake kabla, na atakaponiletea namba zake nitaziweka hapa pamoja na zangu. Keloidi huweza kuchelewa miezi kujitokeza, kwa hiyo tepu na kidole vinaendelea kila Jumamosi hadi mwakani Februari.